Joseph Wright alichora Vesuvius zaidi ya mara 30, na mlipuko mkubwa hakuwahi kuushuhudia

#1 (Mleta uzi)

Wakuu salaam,

Wiki nzima jukwaa limekuwa siasa na usajili wa wachezaji. Leo nataka niwapeleke Naples, Italia, karne ya 18, kwa njia ya picha moja.

Picha yenyewe ni ya rangi ya mafuta kwenye turubai, ni mali ya makumbusho ya Tate, London. Si ndogo: upana sentimita 176, kimo sentimita 122. Aliyeichora ni Joseph Wright, Mwingereza wa mji wa Derby, aliyezaliwa 1734 akafariki 1797. Inakadiriwa aliichora kati ya 1776 na 1780. Ni mlima wa volkano wa Vesuvius ukilipuka usiku, na kwa mbali visiwa vya Ghuba ya Naples.

Ukiitazama mara ya kwanza jicho linakimbilia kwenye moto, huna ujanja. Moto umesimama wima juu ya mlima. Kiini chake ni cheupe kinachoelekea njano, pembeni rangi ya chungwa, halafu wekundu mzito unaopotelea ndani ya moshi. Ukishashiba moto, sogeza macho kulia. Pale kuna usiku mwingine kabisa: mbalamwezi imetoboa mawingu, maji yametulia, kila kitu ni rangi ya fedha na buluu iliyokolea. Na chini, kwenye giza la mbele, kuna watu wadogo mno wamebeba mwili wa mtu. Ukiwa na haraka unapita bila kuwaona.

Utamu unaanzia hapa. Wright aliurudia mlima huu zaidi ya mara 30 maishani mwake, na katika ile milipuko mikubwa ya Vesuvius hakuna hata mmoja alioukuta.

Twende taratibu. Wright alioa 1773, na mwaka huohuo akaondoka Uingereza kwenda Italia na mkewe Hannah, ambaye alikuwa mjamzito. Mtoto alizaliwa Roma 1774, wakamwita Anna Romana. Vuli ya mwaka huo Wright akashuka Naples na kupanda Vesuvius. Tarehe 11 Novemba 1774, akiwa amesharudi Roma, alimwandikia barua ndugu yake Richard, aliyekuwa tabibu. Anasema alipokuwa mlimani kulikuwa na mlipuko wa haja, kwamba atautengenezea picha, na kwamba katika maumbile yote hakuna cha ajabu kama kile. Halafu anamwagiza amfikishie ujumbe rafiki yao John Whitehurst, fundi saa wa Derby aliyekuwa na kichaa cha miamba: natamani tungekuwa wote, maana mawazo yako yangezama tumboni mwa mlima, yangu mimi yalipita juu juu tu.

Vesuvius wa zama zile haukuwa mlima wa kulala. Tangu mlipuko wa 1631, ulioua maelfu ya watu, ulikaa koo wazi karibu muda wote hadi 1944. Cheche, moshi, lava kidogo ikichuruzika ubavuni, hayo kwa wenyeji yalikuwa mambo ya kila siku. Milipuko mikubwa ya wakati wa uhai wa Wright ni pamoja na ya Oktoba 1767, Mei 1771, Agosti 1779 na Juni 1794. Yeye alikuwepo 1774. Aliukuta mlima ukikohoa, akauchora ukitapika.

Tena picha hii ya Tate aliichora akiwa tayari kwao. Alirudi Uingereza 1775, akajaribu bahati yake mji wa Bath kama mchoraji wa sura za matajiri, mambo yakaenda kombo, 1777 akarudi zake Derby. Yaani ule moto wote umetoka kwenye chumba cha kazi, katika nchi ambayo haina volkano hata moja iliyo hai.

Sasa hoja iliyonifanya nianzishe uzi. Wengi husema Wright alibuni. Mimi nasema moto ule aliujua vizuri kuliko wengi waliokuwa Naples, ila aliujulia Derby.

Angalieni alichokuwa anachora kabla ya safari. Mwaka 1768 alitoa ile picha yake maarufu ya jaribio la pampu ya hewa, ipo National Gallery, London. Watu wamezunguka meza, ndege yuko ndani ya tufe la kioo, hewa inavutwa. Mshumaa wenyewe huuoni, umejificha nyuma ya chombo cha kioo mezani; unachoona ni nyuso za watu zilizopigwa na nuru yake. Na kulia, dirishani, kuna mwezi. Nuru ya moto ndani, nuru ya baridi nje. Ni mpangilio uleule tunaoukuta Vesuvius miaka kama kumi baadaye.

Halafu kuanzia 1771 hadi 1773 akawachora wahunzi. Katika picha hizo nuru kuu haitoki kwenye taa wala mshumaa, chumba kinaangazwa na pande la chuma lililotoka motoni. Likague lile pande: katikati jeupe la njano, kingo za chungwa. Chuma na mwamba vikipata joto huwaka kwa sheria moja. Wekundu hafifu unaanza kwenye nyuzi joto mia sita hivi, chungwa ni karibu elfu moja, njano nyeupe ni zaidi ya hapo. Lava ya Vesuvius hutoka ikiwa kati ya 1,000 na 1,200. Mwaka 1792 Thomas Wedgwood, mtoto wa yule mfinyanzi tajiri Josiah Wedgwood ambaye Wright alimfanyia kazi, aliandika kwamba vitu vya aina mbalimbali huanza kuwa vyekundu kwenye joto lilelile. Wright alikuwa ameshalikariri hilo kwa jicho, miaka ishirini nyuma.

Kwa hiyo mkiniuliza ule mlima ni nini, nitawaambia ni karakana ya mhunzi iliyoezuliwa paa.

Karibuni. Mwenye kupinga apinge kwa hoja.

#2

Nimekaa mkao wa kula. Ila mkuu, uzi wa picha bila picha?

#3

Mleta uzi unamtetea sana huyo mzungu. Mtu kaona moshi na cheche, karudi kwao kachora kiama, na maiti juu ili mzigo uuzike. Siku hizi tungesema anatafuta kiki. Mimi nikikuchorea mafuriko ya Jangwani wakati niliona dimbwi tu, utaniita fundi?

#4 (Mleta uzi)

#2 andika jina la mchoraji na la mlima mtandaoni, inakuja ya kwanza. Simu yangu leo imegoma kupandisha.

#3 mkuu, kiki ilikuwepo, sikatai. Wright mwenyewe alipenda kuoanisha Vesuvius na picha zake za fataki za Castel Sant'Angelo kule Roma, akisema moja ni onyesho kubwa kuliko yote la maumbile na nyingine ni onyesho kubwa kuliko yote la ufundi wa binadamu. Catherine, yule malkia wa Urusi, alinunua vyote viwili, Vesuvius na fataki. Biashara ilifanyika, tena nzuri.

Ila kusema kadanganya inategemea unampima kwa rula gani. Hakuwa anapeleka taarifa ya habari. Hata ule mwili unaobebwa, wapo wanaousoma kuwa ni Pliny Mkubwa, kamanda wa meli za Roma aliyevuka ghuba mwaka 79 kwenda kuokoa watu akafia ufukweni. Kama ni yeye, basi mchoraji kaunganisha kwa makusudi usiku wa 1774 na maafa ya miaka 1,700 nyuma. Huyo siyo mtu anayetaka umwamini kuhusu tarehe.

Na dimbwi lako la Jangwani: kama wewe ni mtu uliyekaa miaka ukichora maji, mafuriko yako nitayaamini kabla ya ya mtu aliyeyaona siku moja akiwa amepanda juu ya bati anapiga kelele.

#5

Hapo kwenye bati umeniua 😂

Niingie upande wa ufundi, maana nafundisha sanaa ya uchoraji. Watu wanadhani moto kwenye picha ni suala la kutumia rangi kali. Hapana. Hakuna rangi inayowaka. Nyeupe ya juu kabisa uliyonayo kwenye kibao chako haina nuru kuliko ukuta uliopigwa chokaa. Sasa utafanyaje ionekane inaunguza? Unaua kila kitu kingine. Ikagueni hiyo picha: sehemu kubwa ni kahawia na nyeusi. Ile nyeupe ya kiini cha moto ni eneo dogo mno. Zibeni giza lote kwa viganja, muache moto peke yake, mtaona unageuka doa la manjano lisilo na habari.

Cha pili ni mafuta yenyewe. Mafuta ya kitani yanakauka polepole, yanakupa nafasi ya kupaka tabaka la chini la rangi hafifu, ukasubiri likauke, ndipo unapitisha juu yake wekundu mwembamba unaopenyeza nuru. Mwanga unaingia, unagonga tabaka la chini, unarudi kupitia ule wekundu. Ndiyo maana moshi wake unaonekana una moto ndani yake, haujapakwa moto kwa juu. Kwa rangi za maji za shuleni wanafunzi wangu hawawezi kulifanya hilo hata wakilia.

Wachoraji wa enzi hizo walikuwa na nyeupe ya risasi, manjano ya risasi na antimoni, zinjifuri inayotokana na zebaki na salfa, na buluu ya Prussia ambayo ilikuwa bado ni kitu kipya, imegunduliwa mwanzoni mwa karne hiyohiyo. Nusu ya kabati ni sumu.

Na mwezi haupo pale kwa urembo. Chungwa likikaa jirani na buluu, yote mawili yanapandisha sauti. Ukiufuta mwezi, moto unapoa.

#6

Jambo wandugu. Nasoma kutoka Goma.

Kuna kitu mmekipita. Nyie mnaangalia moto, mimi naangalia wingu. Nyiragongo ikiwa na ziwa la lava, sisi huku mjini lava yenyewe hatuioni, iko ndani ya kreta. Tunachokiona usiku ni wingu juu ya mlima limekuwa jekundu kwa chini, na juu linabaki jeusi. Mtoto wa hapa anajua hivyo kabla hajajua kusoma. Nimeitafuta hiyo picha nikaikagua: moshi wake umepigwa nuru kutoka chini, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyokufa. Sawa kabisa. Hicho hakitoki kwa mhunzi, hicho alikiona mlimani. Hata mlima ukikohoa kidogo wingu linawaka.

Lakini na mimi nina neno juu ya hao wabeba maiti. Wanatembea polepole mno. Tarehe 22 Mei 2021 anga ilipogeuka nyekundu jioni, hakuna aliyetembea. Wengine walikimbilia Gisenyi ng'ambo ya mpaka, wengine njia ya Sake, mgongoni mtoto, kichwani godoro. Wakubwa walikuwa wanakumbuka 17 Januari 2002, siku lava ilipopita katikati ya mji mpaka ndani ya ziwa Kivu. Na ya kwetu ni nyepesi, inakimbia kuliko ya huko Italia. Mtu aliyewahi kuikimbia lava asingewachora wale watu wanatulia hivyo.

#7 (Mleta uzi)

#6 ndugu yangu, la wingu nimelichukua lote, linakaa sawa na barua yake ya Novemba. Na la wabeba maiti sina jibu. Poleni sana kwa yale.

#8

Mnamsifia Wright wakati fundi hasa wa Vesuvius yupo. Pierre-Jacques Volaire, Mfaransa, mzaliwa wa Toulon 1729, mwanafunzi wa Claude-Joseph Vernet. Alihamia Naples mwishoni mwa miaka ya 1760 na akafia hukohuko 1799. Wa 1771 aliukuta. Wa 1779 aliukuta. Alikuwa na riziki moja tu mjini, kuuchora mlima, na wasafiri matajiri walipanga foleni.

Art Institute of Chicago wana mmoja wake wa 1771, mpana karibu mita mbili na nusu. Mbele kuna watu vivuli vitupu juu ya miamba, mikono hewani, wanaonyeshana. Sasa #6 nenda katazame zile za Volaire zenye daraja la Maddalena. Pale watu wanakimbia, wanapiga magoti, wanalia. Darajani kuna sanamu ya San Gennaro, mtakatifu mlinzi wa mji, kanyosha mkono kuelekea mlima kuusimamisha. Hiyo sanamu iliwekwa baada ya mlipuko wa 1767, ambapo wananchi walishinikiza masalia ya mtakatifu yatolewe kanisani yapelekwe kwa maandamano hadi pale darajani. Huyo ndiyo mchoraji aliyeishi na watu wa pale. Wright alikuja, akaona, akasepa.

#9

Na hao wasafiri matajiri ndio tatizo langu na aina hii ya picha. Mkulima shamba lake la mizabibu limefunikwa, tajiri wa London anatundika msiba wake juu ya kabati la vyombo. Torre del Greco ilipitiwa na lava 1794 mpaka baharini, na kuna mtu alitazama akiwa kwenye mashua na kikombe mkononi.

#10 (Mleta uzi)

#9 kikombe umeongeza wewe, ila haupo mbali. Tarehe 11 Mei 1771 usiku, William Hamilton, balozi wa Uingereza pale Naples tangu 1764, aliwapeleka mfalme na malkia wa Naples kwenda kutazama lava ikishuka. Pietro Fabris akaichora ile hadhara: mito ya moto, na wakubwa wamesimama na mavazi yao wanatazama. Imo katika kitabu cha Hamilton kuhusu volkano za eneo lile, kilichotoka 1776 kikiwa na michoro 54 iliyopakwa rangi kwa mkono.

Lakini Hamilton mwenyewe simuweki kundi moja na watazamaji. Huyu alipanda Vesuvius mara kadhaa wa kadhaa na kupeleka taarifa kwa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, wakampa nishani ya Copley 1770. Oktoba 1767 alikuwa mlimani na mwongozaji wake, mchana mlima ukapasuka umbali wa kama robo maili kutoka waliposimama, lava ikaruka juu. Mwongozaji akatimua mbio. Balozi akafuata nyuma yake. Walikimbia karibu maili tatu bila kusimama, ardhi inatikisika chini ya miguu, na yeye mwenyewe ndiye aliyeiandika habari hii, hakujificha. Nampenda mtu wa hivyo. Kwa miaka mingi mwongozaji wake alikuwa Bartolomeo Pumo, mzee mwenye jicho moja, na nadhani watu wa kazi ya Pumo ndio wale vivuli wanaonyoosha mikono kwenye picha za Volaire.

#8 nakubaliana nawe nusu. Kwa watu, Volaire anamshinda Wright mbali sana. Kwa moto, hapana. Moto wa Volaire mara nyingi ni mwekundu mmoja kuanzia juu hadi chini, unapendeza, ila huoni wapi ni moto zaidi na wapi umeanza kupoa. Kwa Wright unaweza kukisia joto kwa macho. Sina ugomvi na anayependelea watu kuliko joto.

#11

Swali la Arusha hili: angeletwa Ol Doinyo Lengai angechora nini?

#12 (Mleta uzi)

😂 Angefunga virago. Lava ya Lengai haifiki hata nyuzi 600, ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya aina ile ya kaboneti. Mchana ni nyeusi au kahawia, inatiririka kama tope, usiku utapata wekundu hafifu ukiwa karibu. Ikishapoa inanyonya unyevu, ndani ya siku chache inageuka nyeupe. Ile njano nyeupe yote ya wahunzi isingekuwa na pa kutumika. Hapo angemhitaji Whitehurst.

#13

Huyo Whitehurst aliishia wapi? Maana umemtaja ukamuacha hewani.

#14 (Mleta uzi)

Hakuishia pabaya. Mwaka 1778 alitoa kitabu kuhusu asili na umbile la dunia, na humo alidai kwamba mwamba mmoja mweusi unaopatikana Derbyshire, kwao kabisa, ulikuwa lava zamani. Alikuwa sahihi. Kwa hiyo wakati Wright anahangaika na Vesuvius, rafiki yake alikuwa anasema volkano zilikuwepo chini ya miguu yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1780 Wright alimchora ameketi, kalamu mkononi, mbele yake karatasi yenye mchoro wa matabaka ya miamba, na nyuma yake mlima unafuka moshi.

#15

Mkuu mimi nina safari ya Uingereza. Nikitaka kuziona hizi uso kwa uso naenda wapi?

#16 (Mleta uzi)

Hii ya uzi ni ya Tate Britain, lakini ulizia kwanza, makumbusho huzungusha picha na unaweza kukuta imepelekwa stoo au imeazimwa. Pampu ya hewa ipo National Gallery, kiingilio bure. Ukiwa na siku ya ziada panda treni mpaka Derby, makumbusho ya mji ndiyo yenye mkusanyiko mkubwa kuliko wote wa Wright, ikiwemo Vesuvius ndogo aliyoichora kwa rangi nzito za maji mwaka uleule wa 1774. Fataki ukiwa Liverpool, Walker Art Gallery. Mwenye ndugu California amwambie aende Huntington, kuna Vesuvius nyingine ameitazama kutokea Portici.

#5, ukipata muda tuwekee hatua za kupaka tabaka la wekundu juu ya hafifu. Kuna vijana humu wanajifunza mafuta, wameshaniandikia pembeni wanauliza mafuta ya kitani wanayapata duka gani.